Kupona na Kurudi: Habari za Waliotibiwa Katika Nchi ya Masasi na Newala

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta habari za makanisa yaliyojengwa, na mashule, na mapadre na walimu waliotutangulia. Habari hizo ni njema, nayo yafaa watoto wetu wazijue. Lakini liko kundi jingine la watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani. Ni wale walioshikwa na maradhi makubwa, wakatibiwa, wakapona, kisha wakalazimika kuanza maisha upya. Hao ndio tunaotaka kuwasimulia hapa. Maana twaona ya kuwa kupona kuna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hufanywa na dawa na mikono ya madaktari; sehemu ya pili hufanywa nyumbani, na mume au mke, na jirani, na mwalimu, na kanisa zima. Ile ya kwanza imeandikwa sana. Ya pili husahauliwa upesi, nayo ndiyo iliyo mikononi mwetu.

1. Masasi ni mji wa waliorudi

Tukumbuke kwanza jinsi Masasi ilivyoanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, akashuka nao Lindi, wakapanda bara. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na nchi zao za asili, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye vile vilima vya mawe tuvijuavyo sote, wakakaa hapo, na mji ukaanza.

Watu wale walikuwa huru, minyororo ilikuwa imekwisha katwa. Lakini mtu aliyechukuliwa angali mtoto, akauzwa pwani, akajifunza lugha nyingine na desturi nyingine, hawi mwenyeji tena kwa kuambiwa tu kwamba yu huru. Uhuru waliupata siku moja. Makao wakayatafuta miaka mingi. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakaishambulia Masasi, wengine wakachukuliwa mateka tena, na kazi ya misheni ikahamishiwa Newala, kwa Matola, mpaka nchi ilipotulia.

Twataja hayo kwa sababu mgonjwa aliyepona hufanana sana na mtu aliyekombolewa. Ugonjwa ulimchukua mbali na watu wake. Akiisha kufunguliwa, bado ana safari ya kurudi, na safari hiyo hawezi kuimaliza peke yake. Basi mji wetu, ulioanzishwa kwa watu wa namna hiyo, usione jambo hili kuwa geni.

2. Hospitali za udongo

Tangu mwanzo wamisioni waligawa dawa, hata wale wasiokuwa na elimu ya udaktari. Baadaye wakaja madaktari wenyewe. Mwaka 1935 alifika Daktari Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi, katika majengo ya miti na udongo yaliyoezekwa kwa majani. Humo alipasua wagonjwa na kuwafundisha vijana wa kike na wa kiume kazi ya uuguzi. Mwaka 1949 akahamia Mnero, upande wa Nachingwea, na miaka mingi baadaye, kuanzia 1975 mpaka 1980, akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kwa upande wa Wakatoliki, Wabenediktini waliianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na katika miaka ya 1920 Sista Thekla Stinnesbeck, aliyekuwa daktari, akaja kuanza kazi yake kubwa ya hospitali.

Wagonjwa wa siku zile walikuja kwa miguu, ama wakachukuliwa kwa machela. Wengi walikuwa na vidonda, na buba, na homa, na wanawake walioshindwa kujifungua. Hao, wakipona, walirudi kwao kwa furaha, na habari ikaisha. Lakini walikuwako wengine ambao habari yao haikuisha kwa kupona, nao ni watu wa ukoma.

3. Ukoma ulivyotufundisha

Ukoma unajulikana tangu kale. Mwaka 1873 Daktari Armauer Hansen wa Norwei alikiona kijidudu kinachouleta, lakini hata hivyo dawa haikupatikana upesi. Katika nchi yetu palikuwa na makao ya wenye ukoma, kama pale Lulindi, na Mwena karibu na Ndanda. Walipewa mashamba na vibanda, nao walidungwa sindano za mafuta ya chaulmugra, ambayo yaliuma sana na kufaa kidogo. Baada ya Vita Kuu ya pili ikaja dawa ya dapsoni, na kuanzia mwaka 1981 madaktari wa dunia wakashauri dawa tatu zitumike pamoja. Siku hizi mgonjwa hutumia dawa hizo miezi 6 au 12, bila malipo, akapona kabisa. Ukoma haujakoma, bado wagonjwa wapya huonekana. Lakini anayekuja mapema hapati ulemavu.

Basi, dawa ilipopatikana, watu walidhani kwamba taabu imekwisha. Haikuwa hivyo. Dawa huua kijidudu, lakini hairudishi hisi iliyopotea mkononi na mguuni. Na hapa wenyeji wa uwanda wa Wamakonde wataelewa vizuri, maana kazi zetu ni za moto na jembe na miiba. Mama asiyesikia joto hushika sufuria ya uji na kuungua bila kujua. Mwanamume huenda shambani peku, akachomwa na kisiki, akatembea juu ya jeraha mpaka jioni. Anayebangua korosho hushikwa na mafuta ya ganda, ambayo hubabua hata mkono mzima. Je, mkono usiosikia? Zamani watu walisema ukoma hula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore katika India tangu mwaka 1946, ndiye aliyeonyesha wazi kwamba vidole huharibika kwa majeraha na vidonda visivyotunzwa, kwa kuwa mwenyewe hana maumivu ya kumwonya. Tangu hapo watu walifundishwa kutazama mikono na miguu yao kila jioni, na kuvaa viatu, hata kama ni katambuga za matairi. Macho yakafanya kazi ya ngozi.

Brand alijifunza jambo la pili pia, nalo ni la kukumbukwa zaidi. Alikuwa akipasua mikono iliyokunjamana na kuinyosha, nayo ikawa mizuri. Lakini baadhi ya wale aliowanyosha mikono walimrudia wakilalamika: kabla ya kupasuliwa walipata sadaka njiani kwa sababu ya ulemavu wao; sasa mikono yaonekana mizima, sadaka imepungua, wala hakuna mtu anayetaka kuwapa kazi. Ndipo alipoona kwamba kunyosha kidole hakutoshi, akaanzisha mahali pa kujifunzia useremala na kazi nyingine za mikono.

Na jambo la tatu twalijua sisi wenyewe. Lugha yetu ilimwita mtu huyu mkoma. Alipougua aliitwa mkoma, na alipopona aliitwa mkoma vilevile. Wengi hawakurudi kwao. Katika Rufiji kuna kijiji cha Kindwitwi, kilichokuwa makao ya wenye ukoma, ambako waliopona walibaki, wakaoa, wakazaa watoto wazima, kwa kuwa makwao hapakuwa na mlango uliofunguka. Padre Robin Lamburn, aliyefanya kazi miaka mingi katika dayosisi ya Masasi, hasa katika mambo ya mashule, alikwenda kuishi nao huko katika uzee wake, akawa kama mzee wa kijiji mpaka alipofariki mwaka 1993. Kazi yake ilikuwa njema. Lakini tujiulize: kama kila kijiji kingaliwapokea watu wake, je, Kindwitwi ingalikuwa na haja ya kuwa kijiji?

4. Maradhi ya saratani

Sasa twaja kwenye siku zetu. Ugonjwa unaotisha watu leo kama ukoma ulivyowatisha babu zetu ni saratani, ambayo wengi huiita kansa. Zamani uliitwa donda ndugu, au uvimbe tu, na mara nyingi ulisemwa kuwa ni uchawi. Mtu akafa na sababu isijulikane.

Mwaka 1961 Daktari Denis Burkitt wa Kampala alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, akapita Tanganyika, akiuliza hospitali kwa hospitali habari za uvimbe wa taya unaowashika watoto. Alitembelea hospitali 57 kwa majuma kumi. Uvimbe ule ulikuwa ukiwaua watoto wengi; baadaye ikaonekana kwamba dawa peke yake zaweza kuuponya. Hiyo ilikuwa habari mpya duniani, nayo ilitoka Afrika ya Mashariki.

Katika Tanzania nyumba kubwa ya matibabu haya ni Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali ile ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ufukoni mwa bahari. Mwaka 1980 matibabu ya mionzi yakaanzishwa humo, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Kwa mtu wa Masasi au Newala safari ya kufika huko yapata kilometa mia sita. Wazee wanakumbuka masika yalivyoifunga barabara ya kusini, na watu wakalala siku nyingi kando ya Rufiji wakingoja pantoni. Mwaka 2003 daraja la Rufiji likafunguliwa, likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi. Daraja lile lilibeba korosho na abiria. Lilibeba na wagonjwa pia.

Mionzi haitolewi siku moja. Mgonjwa hupigwa siku tano katika juma, juma baada ya juma, naye hana budi kukaa Dar es Salaam pasipo shamba wala jamaa. Miongoni mwa wanawake wa nchi yetu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, na ya matiti hufuata. Basi mara nyingi aliyekwenda ni mama wa nyumba. Watoto wamebaki na bibi yao, mbuzi wameuzwa, na kijiji kimeanza kusema kama kwamba amekwisha kufa. Kisha siku moja anashuka katika basi, amekonda, nywele zimenyonyoka, mkononi ana karatasi ya hospitali. Amepona, au matibabu yake yamekwisha. Je, twamfanyia nini?

5. Mwili baada ya matibabu

Yafaa walimu na viongozi wa makanisa wajue mambo machache, ili waweze kushauri kwa akili.

La kwanza ni uchovu. Mtu aliyetibiwa saratani huchoka kwa namna isiyo ya kawaida, na uchovu huo waweza kudumu miezi, hata zaidi. Wasioelewa humwita mvivu. Wengine, kwa huruma, humlaza kitandani siku nzima. Yote mawili si mema. Imeonekana kwamba kutembea kidogo kila siku, na kuongeza polepole, hupunguza uchovu kuliko kulala. Basi jirani mwema humwambia, "Twende tukasalimie watu," wakatembea pamoja mpaka nyumba ya tatu, na juma lijalo mpaka ya tano.

La pili ni mkono. Mwanamke aliyepasuliwa titi, na kutolewa zile tezi za kwapani, aweza kuvimba mkono wa upande ule, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Watu wa pwani ya kusini wana mfano wake, maana wanayajua matende. Maji ya mwili yamezibiwa njia. Na utunzaji wake ni kama ule wanaofundishwa wenye matende: kuosha ngozi kwa sabuni na maji safi, kuikausha vizuri hata katikati ya vidole, kuipaka mafuta isipasuke, kuinua mkono wakati wa kupumzika, kuufanyia mazoezi, na kujikinga na michubuko na moto na mafuta ya korosho. Bendeji ya kubana ifungwe kwanza na mtu aliyefundishwa. Mkono ukiwa mwekundu, ukawa na joto na homa, aende zahanati siku ile ile. Zamani wanawake hao waliambiwa wasinyanyue kitu kamwe. Siku hizi yajulikana kwamba kazi ikianza kidogo, na kuongezwa taratibu, huufaa mkono. Lakini asiyeelewa asimtwike ndoo ya maji juma la kwanza, wala asimwachie kinu na mchi peke yake.

La tatu ni la siri zaidi, nalo twalisema kwa heshima. Aliyepigwa mionzi ya tumbo la chini, kwa sababu ya mlango wa kizazi, aweza kupata taabu ya choo na mkojo, na maumivu anapokutana na mumewe. Kama alikuwa bado kijana, hedhi hukoma na hazai tena. Mambo haya hayatokani na laana, ni matokeo ya mionzi, na mengine yana msaada hospitalini, akithubutu kuyasema. Hapa ndipo ndoa nyingi huvunjika. Mume ajue kwamba saratani haiambukizi kwa kulala pamoja, wala kwa kula chombo kimoja. Na makungwi wetu, waliozoea kuzungumza na wanawake mambo yasiyosemwa hadharani, wangeweza kuwa msaada mkubwa kama wangefundishwa na wauguzi.

La nne ni hofu. Kila kikohozi, kila maumivu ya mgongo, humfanya mtu adhani ugonjwa umerudi. Kwa sababu hiyo wengine hukataa kurudi Ocean Road kuangaliwa, wakisema ni heri wasijue. Lakini tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ina maana kubwa: ugonjwa ukirudi na kuonekana mapema, mara nyingi pana la kufanya. Nauli ikiwa ndiyo kizuizi, hilo ni jambo la kijiji, si la mtu mmoja.

6. Jando lilivyojua kupokea

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili la kurudi. Wamakonde wana likumbi, Wayao wana lupanda. Mtoto hutolewa nyumbani, hupelekwa porini, huumizwa, hutunzwa mpaka kidonda kipone. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba kidonda kikipona mambo yamekwisha. Iko siku ya kutoka: wanyolewa, waogeshwa, wavikwa nguo mpya, wapewa majina mapya, na kijiji kizima husimama kuwapokea kwa ngoma na vigelegele. Tangu siku ile kila mtu ajua kwamba aliyekuwa nje sasa yu ndani. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi iliyoundwa mwaka 1926, aliona nguvu ya desturi hiyo, wala hakutaka kuifuta. Aliitengeneza ikawa jando la Kikristo.

Maandiko nayo yasema vivyo hivyo. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, imeandikwa jinsi ya kumrudisha mtu aliyepona ukoma. Zamani tulipousoma mlango ule tuliona habari za ndege na mwerezi na hisopo, tukapita. Lakini tazameni neno moja: aliyepona hakuamriwa aingie kambini peke yake na kujieleza kwa watu. Kuhani ndiye aliyetoka nje ya kambi kumwendea. Ndipo akaoga, akafua nguo zake, na siku ya nane mambo yakatimizwa mbele za Bwana.

Basi twaona ajabu. Kwa kijana mwenye kidonda cha siku chache tuna ngoma na nguo mpya. Kwa mama aliyekaa miezi Dar es Salaam, akapita motoni, hatuna hata neno la kumlaki. Mgonjwa tunamwambia "ugua pole". Aliyekufa tunamlilia na kumfanyia arobaini. Aliyepona na kurudi tunamtazama kwa pembe ya jicho, tukingoja kuona kama kweli amepona.

7. Yanayotupasa

Kwa hiyo twashauri mambo manne, wala hayahitaji fedha nyingi.

Mtu akitoka matibabuni, watu wa kanisa wamwendee, wala wasingoje aje yeye. Akitaka mwenyewe, atajwe Jumapili katika shukrani. Asipotaka, asitajwe, maana ugonjwa ni wake na siri ni yake.

Apewe kazi. Aliyekuwa mwimbaji aimbe, aliyekuwa mweka hazina ashike daftari lake, hata kama kwa mwezi mmoja atafanya nusu. Mtu asiyehitajiwa na mtu hupona nusu tu.

Aulizwe. Mithali yetu husema mgonjwa haulizwi uji, na kweli, aliye hoi huletewa tu. Lakini aliyepona si hoi tena. Tukiendelea kumletea bila kumwuliza, twamfanya mgonjwa wa milele, kama tulivyowafanya ndugu zetu wa ukoma kwa lile jina.

La nne ni la walimu. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana, na shule ndizo zilizokuwa mahali pake pakubwa. Mwalimu aieleze vizuri kwa wazazi, avunje uvumi. Tena amwangalie mtoto ambaye mama yake amerudi kutoka Ocean Road: pengine ndiye atekaye maji na kupika, naye husinzia darasani. Asipigwe kabla hajaulizwa.

Wale waliotoka Unguja mwaka 1876 hawakuijua Masasi. Walifika wamechoka, na nchi yao halisi ilikuwa mbali bado, na pengine haikuwapo tena kama walivyoikumbuka. Masasi ikawa kwao kwa sababu walipewa mahali pa kujenga, na kazi, na jirani. Ndugu zetu waliopona hawaombi zaidi ya hayo. Hospitali zimefanya kazi yao, na barabara imefanya kazi yake. Sasa zamu ni ya nyumba zetu.